Daftari la Wiki: Ungo, Maharagwe na Mikono ya Mtoto

Julai ya Gusii, magharibi mwa Kenya, haina theluji, lakini baridi yake inatosha kumfungia mtoto ndani. Mji wa Kisii uko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na sehemu za Nyamira zinapita mita 2,000. Asubuhi ukungu umelala juu ya mashamba ya chai, alasiri mvua inashuka, na uwanja wote ni tope. Mtoto wa miaka mitatu au minne hubaki kwenye kochi na simu mkononi. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2019, linashauri mtoto wa miaka 2 hadi 4 asizidishe saa 1 kwa siku mbele ya skrini, tena ikipungua ni heri. Nakubali. Ila tukimnyang'anya simu, tumpe nini? Nasema apewe kazi ya nyumbani, na mtu wa kuzungumza naye akiifanya.

Msimu wenyewe unatusaidia, maana maharagwe yameshang'olewa, mahindi yanaingizwa ndani yakauke, na wimbi, yaani obori, linakaribia kuvunwa. Mtazame mtoto aliyewekewa ungo wa maharagwe achambue. Kidole gumba na cha shahada vinaibana punje moja, vinaigeuza, vinaiachia. Anakuta kijiwe, anakigonga kwa ukucha, anakiweka kando. Hapo amepima uzito, ulaini na rangi, ametenga makundi, na amezoeza misuli ile ile itakayoshika penseli akiingia darasa la awali, PP1. Wimbi humpita katikati ya vidole kama maji; gunzi humkwaruza kiganja; jani la chinsaga, mboga yetu ya kienyeji, humwachia harufu mikononi hadi jioni. Maria Montessori, aliyefungua nyumba yake ya watoto mjini Rome mwaka 1907, alizipa kazi za namna hii heshima ya masomo. Sisi tunazo bila kulipa karo.

Tena upo ushahidi wa hapa hapa. Mwanaanthropolojia Robert LeVine na wenzake waliwachunguza akina mama wa Gusii na watoto wao wachanga katikati ya miaka ya 1970, wakachapisha kitabu mwaka 1994. Waliona kwamba mama Mgusii alimbeba na kumtuliza mwanawe kwa bidii kubwa, lakini alimsemesha kidogo kuliko mama wa Boston, Marekani. LeVine hakuliita hilo kosa: mama alitaka kwanza mtoto aishi na akue, na mengine angejifunza akiwa na kaka na dada zake. Kuna atakayesema, basi, watoto hao walikua vyema bila mafunzo yenu. Ni kweli. Lakini kaka na dada wa leo wako darasani mchana kutwa, na mtoto aliyezuiwa na mvua hana wa kumsemesha ila mtu mzima aliye karibu. Ndiyo maana ungo peke yake hautoshi. Kila anachokishika kitajwe jina, kwa Ekegusii kama ndiyo lugha ya nyumba hiyo: hili jeupe, lile lina madoa, hili limetobolewa na mdudu.

Wazee watasema chakula hakichezewi, nami niko upande wao. Maharagwe hayo yanachambuliwa yapikwe, si yamwagwe. Hoja nzito zaidi ni ya mama aliyerudi kutoka kuchuma chai akiwa hoi. Mtoto atamchelewesha, na haifai kumdanganya kwamba hatamchelewesha. Lakini maharagwe yangechambuliwa hata hivyo, na muda huo ndio aliobaki nao wa kukaa na mwanawe. Kuhusu hatari sina la kubishana: punje hukwama kooni, na hata puani. Aliye chini ya miaka mitatu apewe magunzi, mwiko na sufuria tupu, mbali na mafiga na moshi. Kipande laini cha jiwe la sabuni la Tabaka, kilichooshwa, kinafaa pia kwa ubaridi wake, mradi kiwe kikubwa na vumbi la kuchongea lisimfikie.

Mzazi mwenzangu, mvua ikianza leo alasiri, mshushie mtoto ungo, kisha ukae naye.