Kinga ya mgongo wazi yaishia nje ya mashine ya kusaga

MTOTO anapozaliwa na mgongo wazi, swali la kwanza katika familia nyingi huwa ni nani aliyekosea. Wapo wanaomtupia lawama mama, na wapo wanaotaja laana au mkono wa mtu. Sayansi ya chembechembe za urithi imekwisha kutoa jibu jingine, na jibu hilo linaigusa moja kwa moja wilaya kama Kilosa, ambako familia nyingi hula unga uliosagwa kijijini.

Ubongo na uti wa mgongo wa binadamu huanza kama utando bapa wa seli. Kingo za utando huo hujikunja, hukutana na kufanya mrija, na kazi hiyo hukamilika takriban siku ya 28 baada ya mimba kutungwa. Mrija ukibaki wazi upande wa chini, mtoto huzaliwa na mgongo wazi. Ukibaki wazi upande wa kichwa, ubongo na fuvu haviumbiki, na mtoto huyo hufa tumboni au muda mfupi baada ya kuzaliwa.

Miongoni mwa jeni zinazosimamia ujenzi huo ni VANGL1 na nduguye VANGL2. Kazi yao ni kuielekeza kila seli upande wa kukaa, mithili ya msimamizi anayewapanga mafundi ukutani. Asili ya jina hilo ni nzi wa matunda: jeni ilipoharibika, vinyweleo vya bawa vilizunguka hovyo, watafiti wakakumbuka michoro ya Van Gogh. Mwaka 2007 ilitangazwa kwamba hitilafu za VANGL1 zimekutwa kwa baadhi ya wagonjwa wenye kasoro za mrija huo.

Hata hivyo, jeni moja ni nadra kuamua yote. Baba na mama wote wawili hurithisha, na lishe nayo ina sehemu yake kubwa. Mwaka 1991 utafiti ulioongozwa na Uingereza ulionyesha kwamba wanawake waliokwisha kupata mtoto mwenye kasoro hiyo walipunguza hatari ya kuirudia kwa asilimia 72 walipotumia asidi ya foliki, aina ya vitamini B, kabla ya kushika mimba na wiki za mwanzo. Urithi hatuwezi kuubadili, chakula tunaweza.

Hapo ndipo penye kikwazo. Kliniki za wajawazito hutoa vidonge vya kuongeza damu vyenye asidi hiyo, lakini wanawake wengi huanza kliniki baada ya mwezi wa tatu. Siku ya 28 imekwisha kupita, na pengine mama hakujua kama ni mjamzito. Kidonge humsaidia kwa mengine, lakini kwa mrija wa mtoto kimechelewa.

Kwa sababu hiyo mataifa mengi yaliamua kuweka kinga katika unga, ili imkute mwanamke kabla ya mimba. Marekani ililazimisha hivyo mwaka 1998. Tanzania ilitunga kanuni zake mwaka 2011, zikihusu unga wa ngano, unga wa mahindi na mafuta ya kula. Uamuzi ulikuwa sahihi, lakini njia yake hupita viwandani.

Mkazi wa Mikumi, mji uliopo kando ya barabara kuu ya Dar es Salaam hadi Zambia, anaweza kununua dukani mfuko wa unga ulioongezwa virutubishi. Mkulima wa vijiji vya ndani hula mahindi yake mwenyewe. Hupeleka debe moja au nusu debe mashineni, hulipia kusaga na kurudi nyumbani. Akikoboa apate sembe nyeupe, hupoteza hata sehemu ya vitamini zilizokuwamo. Dona ni nafuu zaidi, na mboga za majani, kunde na maharage husaidia, ingawa kuchemsha majani kwa muda mrefu hupunguza vitamini hiyo.

Vipo vifaa vya kupima na kuchanganya virutubishi katika mashine ndogo, na vimekwisha kutumika hapa nchini. Swali ni nani atalipia virutubishi hivyo. Mwenye mashine anaishi kwa malipo ya debe, na mteja haoni tofauti katika ugali wake. Kumwachia mmoja wao gharama hiyo ni kukubali kwamba haitalipwa.

Gharama ya kutofanya lolote ni kubwa zaidi. Mtoto wa Mikumi mwenye mgongo wazi anaweza kusafirishwa takriban kilometa 300 hadi Taasisi ya Mifupa ya Muhimbili (MOI), Dar es Salaam. Upasuaji hufunga kidonda, lakini haurudishi mishipa ya fahamu iliyokwisha kuharibika. Wengi huhitaji pia mpira wa kupunguza maji kichwani, na msaada wa kutembea na kutoa mkojo kwa maisha yao yote.

Mei 2023 Mkutano Mkuu wa Shirika la Afya Duniani ulipitisha azimio la kuzihimiza nchi kurutubisha vyakula, mgongo wazi ukitajwa bayana. Kwa Kilosa, utekelezaji wake utapimwa kwa mambo mawili: kama halmashauri itazihesabu mashine za vijijini kuwa sehemu ya huduma ya afya, na kama wasichana na wanawake watapata asidi ya foliki kabla ya mimba. Bila hayo, kanuni ya 2011 itaendelea kumlinda anayenunua unga dukani na kumwacha anayelima mahindi.