Maua ya Karura hayakuwa ya madhabahu yetu

Leo sihubiri sana. Nataka kutubu mbele yenu, halafu nitoe maoni yangu, na najua wengine hamtakubaliana nami.

Mwezi uliopita tulipeleka vijana maombi msitu wa Karura. Mvua ilikuwa imenyesha vizuri, na kwenye uwazi mmoja wenye nyasi maua madogo madogo yalikuwa yamejaa, ya manjano, meupe, ya zambarau. Tukaiacha njia. Zaidi ya watu arobaini tukaingia katikati kupiga picha, wengine wakalala chini kabisa. Dada zetu wakachuma ya kupamba madhabahu. Na aliyetangulia kuingia ni mimi mchungaji wenu, spika mkononi.

Mama mmoja anayeng'oa magugu pale alisimama kando akangoja tuseme amina. Kisha akaniuliza kwa upole, "Pasta, unajua hapa palikuwa nini?"

Watu wa Mungu, swali hilo lilinifuata hadi nyumbani.

Wazee wanakumbuka. Miaka ya 1990 ardhi ya Karura ilikuwa ikigawiwa watu binafsi kimyakimya. Januari 1999 Profesa Wangari Maathai na wenzake walikwenda kupanda mti, wakapigwa hadi damu ikamtoka kichwani. Hata baada ya hapo msitu ulibaki mahali pa kuogopa, ukipita karibu unaomba. Jumuiya ya Friends of Karura Forest iliundwa 2009, wakafanya kazi na idara ya misitu, uzio wa umeme ukawekwa, na mwaka 2011 sisi wananchi tukafunguliwa lango. Karibu hekta 1,000 ndani ya Nairobi!

Lakini uzio haurudishi maua. Mikaratusi ilikuwa imepandwa kwa wingi, na lantana ilikuwa imefunika chini hata jua haligusi udongo. Lantana ukiikata juu inachipuka tena. Inatakiwa kung'olewa na mizizi, halafu urudi, urudi tena. Hiyo ndiyo kazi ya yule mama. Sisi tulikanyaga kwa dakika ishirini.

Na madhara si ya picha tu. Baadhi ya maua ya nyasini huishi msimu mmoja. Ukiyachuma kabla hayajatoa mbegu, umechuma na ya mwaka ujao, na nyuki umemnyima. Udongo uliokanyagwa na miguu mingi unashikana, maji ya mvua yanateleza juu bila kuingia, na kinachoota hapo kwanza ni gugu. Tena viatu vyetu wengine tulitoka navyo shambani, vimebeba zile mbegu nyeusi zinazonasa kwenye suruali. Tulizipanda bila kujua.

Ndugu mmoja ameniandikia: "Pasta, tulilipa kiingilio, na Mungu aliumba maua kwa ajili yetu." Nampenda ndugu huyu, lakini hapana. Soma Kumbukumbu la Torati 22, ile sheria ya kiota cha ndege. Unaruhusiwa kuchukua makinda, mama yao unamwacha aende. Mungu aliyekupa kula aliwaza pia kiota cha kesho. Na Yesu alipotaja maua ya kondeni, aliwataka wanafunzi wayatazame wajifunze. Sijaona mahali alipowatuma wayachume.

Kuhusu spika, hapa najua nagusa wengi. Sisi Wapentekoste tunapenda sauti, hata mimi. Lakini Hana aliomba midomo ikitikisika tu, na Samweli akazaliwa. Mbega walioletwa Karura kutoka Kipipiri hawakuomba mkesha.

Sasa, wako wanaosema basi tusiende kabisa, tuache msitu upumzike. Hao pia siwakubali. Karura ilinyemelewa wakati watu wa kawaida walikuwa hawaingii. Anayepajua mahali ndiye atakayepiga kelele siku pakiguswa. Twendeni, na tupeleke watoto, ila twende kama wageni.

Kwa hiyo tutarudi Jumamosi ya pili ya mwezi ujao. Tutagawanyika vikundi vya watu kumi, kila kimoja na kiongozi wake. Safisheni viatu nyumbani, na nyayo pia. Tutabaki kwenye njia, picha zipigwe kutoka hapo hapo. Chupa na sahani za plastiki za kutupa hazikubaliwi misituni tangu Juni 5, 2020, kwa hiyo kina mama, chai iende kwenye thamosi na vikombe vya kurudi navyo. Tumbili wasipewe mandazi hata wakilia. Spika inabaki kanisani, ndugu wa mitambo ameshaambiwa.

Na nimeomba kama tunaweza kusaidia kung'oa lantana nusu siku. Wenye glavu nzito njooni nazo. Tukutane langoni saa moja na nusu asubuhi.