Usitamani shingo ya twiga kabla ya kujua presha yake



Ukipita Naivasha utamwona twiga akila majani ya juu ya mgunga, mahali ambapo swara na pundamilia hawafiki. Hapo karibu, kwenye maua mekundu ya mshubiri, utamwona chozi, ndege mdogo asiyefika hata gramu 20. Ukiulizwa ni nani kati yao amebarikiwa zaidi, wengi wetu tutamwonyesha twiga.

Lakini sikiza. Ili damu ipande shingo ile mpaka kichwani, twiga ana moyo wa kilo 11 hivi, na presha yake ni karibu mara mbili ya yako na yangu. Hiyo ndiyo bei ya urefu wake. Moyo huo mpe chozi, utamponda. Wa chozi mpe twiga, ataanguka papo hapo. Mungu hakukosea kipimo. Na ule utamu ulio ndani kabisa ya ua, chozi anaufikia kwa mdomo wake mwembamba uliopinda, kisha anabeba chavua hadi ua lingine. Kazi hiyo twiga haiwezi.

Naandika haya kwa sababu mimi mwenyewe nilikosa. Kwenye harambee ya kanisa letu mwaka jana nilisoma majina na kiasi cha kila mtu. Elfu hamsini, makofi. Elfu ishirini, makofi. Nikafika kwa mama anayeuza sukuma wiki: shilingi mia moja. Kimya.

Jumapili iliyofuata hakuja. Nilipomtembelea akaniambia, "Pasta, sikujua sadaka yangu ni ndogo hivyo." Tayari alikuwa amekopa kwa chama, ili safari ijayo asiaibike.

Mpendwa, hiyo ni presha ya twiga ndani ya kifua cha chozi. Na aliyemtia ni mimi.

Nilimwomba msamaha. Kwetu hatusomi tena majina na kiasi, na naamini hakuna kanisa linalofaa kufanya hivyo. Soma Marko 12 uone jinsi Yesu alivyoipima sadaka ya yule mjane. Hakuangalia ukubwa wake.

Na wewe uliyekopa ili ulingane na jirani, rudi kwenye kipimo chako. Ua lako bado linakungoja.

Baba, tuponye na roho ya kujilinganisha. Katika jina la Yesu.

Kama umepokea, andika AMINA. Mbarikiwe.