Nani Aliyemfungia Ningu Mlango?



Mtu akijenga ukuta katikati ya njia ya jirani yake, kesi hufika kwa mzee wa mtaa kabla jua halijatua. Lakini akijenga ukuta katikati ya njia ya samaki, haulizwi neno. Samaki hana mdomo wa kushtaki, na watu wanaomtegemea mara nyingi ni wale ambao hata wakisema hawasikilizwi. Kijitabu hiki kinauliza kwa niaba yao. Tunauliza jambo ambalo wakubwa wa miradi hawapendi kuulizwa: kabla hamjaziba kijito chetu, mlikuja kupima lini, na mlimpima nani?

TAZAMA

Katika mito inayoingia Ziwa Victoria, kama vile Nzoia, Yala, Nyando, Sondu na Kuja, wako samaki wasioishi mahali pamoja mwaka mzima. Aliye mashuhuri zaidi ni ningu. Ningu hukaa ziwani, lakini hatagi mayai yake humo. Mvua zinapoanza na maji ya mto kugeuka rangi, hupanda mto kwa makundi, akitafuta nyanda za nyasi zilizofunikwa na mafuriko. Huko ndiko anakotaga, na huko ndiko vifaranga wake wanakoanza maisha kabla ya kuteremka ziwani. Fwani naye hupanda mito, na kambare huingia hata katika vijito vidogo ambavyo wakati wa kiangazi mtoto huviruka bila kulowa. Safari hizo hufuata masika, kuanzia Machi hadi Mei, na tena mvua za vuli mwishoni mwa mwaka.

Wazee wetu waliijua ratiba hii bila kuandikiwa. Kando ya Nzoia walikatiza mto kwa uzio wa miti na matete, ambao Wajaluo huuita kek, wakatega migono katika mianya yake. Ulikuwa uzio wa msimu mmoja, uliohitaji mikono ya watu wengi na mapatano yao. Hata wageni waliiona neema hiyo. Msafiri Mwingereza Speke alipofika mwaka 1862 mahali ambapo Mto Nile unatoka ziwani, alistaajabu kuona samaki kwa maelfu wakiyarukia maporomoko. Maporomoko hayo yalimezwa na maji ya bwawa la Owen Falls, lililokamilika mwaka 1954.

Ni haki kukiri kosa letu kabla ya kutaja la wengine. Ningu hakuanza kupungua kwa sababu ya barabara. Nyavu za kunasa zililetwa katika ziwa letu mwaka 1905, na baadaye zikaja za nailoni. Zilitegwa midomoni mwa mito, zikawangoja samaki waliobeba mayai, yaani zilivuna mbegu kabla haijapandwa. Kufikia miaka ya 1960 uvuvi wa ningu uliokuwa ukilisha watu wengi ulikuwa umeanguka. Sangara, aliyepandikizwa ziwani katika miaka ya 1950, alikuja kuongeza msiba. Waliosalia ni wachache, na leo ningu ametajwa miongoni mwa viumbe walio hatarini kutoweka.

Ni hao wachache ndio tunaowafungia mlango.

MLANGO UNAVYOFUNGWA

Wengi wakisikia kizuizi cha samaki hufikiria bwawa kubwa la umeme. Ni kweli, mabwawa yanahusika. Mradi wa Sondu-Miriu ulipoanza kujengwa mwaka 1999, wananchi na mashirika ya kiraia waliuliza kwa sauti ni maji kiasi gani yatakayobaki mtoni baada ya mengine kuchepushwa kwenda kwenye mitambo. Lilikuwa swali la haki. Lakini bwawa kubwa huonekana, hupigiwa kelele, na huandikwa magazetini. Kizuizi kidogo hakionwi na mtu.

Chukua kalvati la kawaida chini ya barabara ya murramu. Bomba limewekwa juu kidogo ya kitanda cha kijito ili fundi asichimbe sana. Maji yanayotoka yanaanguka, na kila mwaka yanachimba shimo mbele ya bomba, hata mdomo wake ukabaki unaning'inia. Samaki anayetoka chini hufika hapo akakuta ukuta wa hewa. Akiweza kuruka, anakuta ndani ya bomba maji yaliyobanwa. Kijito kilichokuwa na upana wa hatua nne kimelazimishwa kupita katika tundu la hatua moja, basi kinakimbia kuliko samaki anavyoweza kuogelea. Hakuna jiwe la kujificha nyuma yake wala kona ya kupumzikia. Au kinyume chake, maji yametanda juu ya saruji kwa kina kisichofunika hata mgongo wa samaki. Au takataka zimeziba mlango wa juu. Hali ni hiyo hiyo kwenye kuta fupi za kuchepusha maji ya kumwagilia mashamba na kwenye vivuko vya zege.

Kalvati moja likifunga kijito karibu na mdomo wake, nyanda zote zilizo juu yake zimekuwa shamba lisilofikika. Unaweza kupanda miti kwenye kingo, unaweza kufunga uvuvi kwa miezi, na bado hakuna yai litakalotagwa huko juu, kwa kuwa mama hakufika.

KUPIMA MSIMU USIOFAA

Sasa tuseme wazi jambo lililotufanya tuandike. Katika kijito kimoja cha jirani zetu, ambacho hatutakitaja, ilitakiwa barabara ipanuliwe. Wapimaji walifika mwezi wa Februari. Walikaa asubuhi moja. Walikuta maji ya kufika kifundo cha mguu na hawakukuta samaki. Ripoti ikaandikwa kwamba kijito hicho hakina samaki wa maana. Mama mmoja aliyekuwa akichota maji aliwaambia warudi mwezi wa Aprili. Walicheka kwa adabu, wakaondoka.

Ndugu zangu, anayekwenda kanisani siku ya Jumanne saa nne asubuhi, akahesabu viti, akaandika kwamba parokia haina waumini, je, amesema uongo? Hapana, aliyoyaona ni kweli. Lakini ripoti yake ni ya uongo, kwa sababu alichagua siku ambayo jibu lilijulikana kabla ya swali.

Kosa hili huangukia pande zote mbili. Bomba linalotiririka kwa upole mwezi wa Februari huweza kuwa mkondo mkali usiopitika mwezi wa Aprili, siku zile zile ambazo ningu anahitaji kupita. Na bomba linaloning'inia wakati wa kiangazi huweza kufikiwa na maji ya mafuriko kutoka chini, pengo likazibika, samaki wakapita bila shida. Anayepima mara moja tu huenda akakihukumu kisicho na hatia na kukiachilia chenye hatia. Ndiyo maana kazi hii ni ya misimu. Mara ya kwanza ni kabla ya mvua, ili kupima umbo la kizuizi chenyewe. Mara ya pili ni mto unapojaa, ili kupima mwendo wa maji na kuona samaki wanaofika. Mara ya tatu ni maji yanapopungua, kwa maana vifaranga nao wana safari yao ya kuteremka, na wengi hunaswa katika madimbwi yanayokauka.

Wala vipimo hivi si siri ya wasomi. Kimo kutoka mdomo wa bomba hadi uso wa maji hupimwa kwa fimbo yenye alama. Hali kadhalika kina cha shimo lililo chini yake, maana samaki huhitaji kina ili aruke. Upana wa bomba hulinganishwa na upana wa kijito mahali ambapo hakijaguswa. Mwendo wa maji hupimwa kwa chungwa na saa: pima mita kumi za ukingo, tupa chungwa, hesabu sekunde. Kisha zihesabiwe aina za samaki zilizo chini ya kizuizi na zilizo juu yake. Kama chini wapo na juu hawapo, msimu baada ya msimu, ushahidi umeanza kusimama.

WANAVYOTUJIBU

Wanatuambia: "Barabara ni ya watu, si ya samaki." Tunajibu kwamba hatujaomba barabara ivunjwe. Mgonjwa lazima afike hospitali, na mtoto lazima avuke kwenda shuleni. Tunaomba bomba lizikwe chini ya kitanda cha kijito, changarawe na mawe vikae ndani yake, na upana wake ulingane na upana wa maji. Mahali palipokwisha kuharibika, mawe yapangwe kwa ngazi ya taratibu hadi mdomoni mwa bomba. Kalvati pana husaidia barabara pia, kwa kuwa bomba jembamba ndilo linaloziba na kuifanya barabara ibebwe na mafuriko. Aliyeokoa fedha kwa bomba dogo huja kuzitumia mara mbili.

Wanatuambia: "Wavuvi wenu ndio waliommaliza ningu." Tumekwisha kukiri. Lakini mgonjwa aliyejeruhiwa na mwingine hakupi ruhusa ya kumfungia mlango wa zahanati. Tukimwomba mvuvi aheshimu miezi ya kutaga, tutamwambia nini akituuliza samaki aliyemwachia ameishia wapi?

Wanatuambia: "Haya ni mambo ya Ulaya." La hasha. Lakini kama wanataka mfano wa ng'ambo, upo. Katika jimbo la Washington huko Marekani, makabila ya wenyeji wa asili yalitoa ardhi kwa mikataba ya miaka ya 1854 na 1855, yakabakiza haki ya kuvua mahali pao pa siku zote. Mwaka 2001 makabila 21 yaliipeleka serikali ya jimbo mahakamani, na safari hii shauri halikuwa la nyavu bali la makalvati. Yalisema kwamba haki ya kuvua ni maneno matupu ikiwa samaki hawezi kufika. Mwaka 2007 mahakama ilikubaliana nao, na mwaka 2013 ikaamuru makalvati yarekebishwe. Mwaka 2018 majaji wa Mahakama ya Juu ya nchi hiyo waligawanyika wanne kwa wanne, na kwa hiyo amri ikabaki. Wanyonge walishinda kwa sababu vizuizi vilikuwa vimehesabiwa na kupimwa, kimoja kimoja.

TENDA

Sisi nasi hatuna mikono mitupu. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inampa kila mtu haki ya mazingira safi na yenye afya katika kifungu cha 42, na kifungu cha 70 kinamruhusu kwenda mahakamani haki hiyo inapovunjwa. Kifungu cha 35 kinampa raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali. Sheria ya mazingira ya mwaka 1999 inakataza kujenga kitu chochote ndani ya mto bila idhini ya maandishi. Kwa hiyo hatuombi hisani.

Tunapendekeza kila parokia iliyo kando ya mto ifanye haya:

Kwanza, kila jumuiya ndogo iorodheshe makalvati, vivuko na kuta za maji zilizo katika eneo lake, kuanzia mdomo wa kijito kwenda juu.

Pili, wazee, akina mama wachotao maji na wavuvi waulizwe ni samaki gani waliopanda zamani, walifika wapi, na waliacha lini. Majibu yao yaandikwe pamoja na majina ya mahali.

Tatu, vipimo vichukuliwe katika misimu yote mitatu, mahali pale pale. Mto ukiwa umejaa, asiingie mtu majini. Kazi yote ifanyike ukingoni. Hatutafuti ushahidi kwa kumpoteza kijana.

Nne, nakala ya daftari ipelekwe kwa chama cha watumiaji maji na kwa maofisa wa uvuvi, mazingira na barabara wa kaunti, na ipokewe kwa sahihi. Tathmini yoyote ya mradi ikiletwa, swali letu la kwanza liwe: mlipima mwezi gani?

Tano, sisi wenyewe tuondoe nyavu midomoni mwa mito wakati wa kutaga. Asiyefanya hili asithubutu kuinyoshea kidole ofisi ya barabara.

MASWALI YA KUJADILIANA KATIKA JUMUIYA

1. Ni samaki gani ambaye wazazi wetu walimla na watoto wetu hawamjui hata kwa jina?

2. Katika kijito chetu, kizuizi cha kwanza kutoka chini ni kipi, na nani alikijenga?

3. Mradi wa mwisho uliofika kwetu ulipimwa msimu gani, na nani aliulizwa?

4. Nani katika jumuiya hii atashika daftari masika yajayo?

Ndugu zetu, yule mama wa Februari hakuwa na cheti. Alikuwa na ndoo, na alikuwa amekiona kijito hicho kila siku ya mwaka. Barabara ilijengwa, bomba likawekwa, na Aprili ilipofika samaki walijazana chini yake, watoto wakawaokota kwa mikono. Watu walifurahi kwa majuma mawili. Msimu uliofuata hawakuokota kitu. Mama huyo bado anachota maji pale pale. Safari hii tumwendee sisi kabla ya wapimaji, na tuandike anachosema.