Masomo hayakuua Kisanga

Kila tunapokutana kwa ajili ya mila, tunasikia kilio kimoja: batoto ba Likasi hawajui tena Kisanga, masomo yamekiua. Tunakataa. Masomo hayakukitoa mu nyumba zetu. Sisi bazazi njo tulikitoa.

Tunaimba Kisanga siku ya matanga. Tukirudi nyumbani, tunaita batoto kwa Kifaransa, tunabagombeza kwa Kiswahili. Kisha tunashangaa kwamba mutoto hamuelewi nkambo yake!

Tuangalie bengine. Eliezer Ben-Yehuda alifika Yerusalemu mwaka 1881. Kiebrania kilikuwa hai mu sala na mu vitabu, lakini kwa karne nyingi hakuna mutoto aliyekisema kama lugha yake ya kwanza. Mwana wake alizaliwa 1882, na baba akakataza lugha ingine yote mu nyumba. Ukali ule hatuusifu. Lakini jambo moja ni kweli: Kiebrania kilianza kusimama siku batoto balipokihitaji kwa kucheza. Ilibidi kutungiwa majina ya vitu vyao, kama vile mwanasesere na kinga.

Hata kwetu ushahidi upo. Union Minière, iliyoanzishwa 1906, ilileta bafanyakazi toka Kasai, Rhodesia na Ruanda-Urundi. Tangu miaka ya 1920 ilibakubalia kukaa kambini na bibi zao. Batoto baliozaliwa mule balichezea mu Kiswahili, na Kiswahili kikawa lugha yao. Hakuna kikao kilichopiga kura. Na Bayeke ba Bunkeya? Bazee bao balitoka upande wa Tanzania ya leo mu karne ya 19. Bazukuu bao bengi banasema Kisanga. Zamani basi, Kisanga kilikuwa na nguvu ya kuvuta bageni. Leo kinashindwa kushika batoto ba Basanga benyewe.

Bengine banatuambia: «Kisanga hakileti kazi.» Na nani alisema mutoto achague lugha moja tu? Kiswahili atakipata barabarani, Kifaransa atakipata masomoni. Kisanga atakipata wapi, kama si kwetu?

Katiba ya 2006 inasema Serikali inalinda lugha zote za inchi kama urithi. Vema. Lakini Serikali haiogeshi mutoto jioni.

Tunaomba basi jambo moja. Kuogesha, kulisha, kugombeza, kuchekesha: tuvifanye kwa Kisanga, kila siku. Mutoto akikosea neno, tusimucheke, atanyamaza kabisa. Na mwenye hataki kuanza leo usiku mu nyumba yake, asije tena kulia mu kikao.