AFYA NYUMBANI: Mwili Ukiwasha Kiisha Kumeza Dawa

Tuseme baba anarudi toka chimbo na kikohozi. Mama anatuma mtoto kununua vidonge vya amoksisilini kwa kijana wa dawa kule sokoni. Kesho yake baba anajikuna mikono, mgongo, mpaka kichwa. Watu wa nyumba wanasema: "Ile njo vumbi ya mine tu, itapita." Basi anameza kidonge kingine.

Hapo njo hatari inaanzia. Kweli, vumbi linaweza kuwasha. Lakini kama mwili umeanza kuwasha kiisha kumeza dawa ya kuua mikrobu, tia mashaka kwanza juu ya ile dawa. Miili ya watu fulani inakataa penisilini. Ampisilini na amoksisilini ni jamaa moja nayo. Baktrimu ni ya jamaa ingine, lakini nayo inaweza kuleta upele na kuwasha.

Usiseme: "Mwaka jana nilimeza, haikunifanya kitu." Mara nyingi mwili unajifunza kukataa dawa kimya kimya. Siku unapoimeza tena, njo unagomba.

Sasa ufanye nini? Usimeze kingine mbele ya kuonana na munganga. Umpelekee vidonge vilivyobaki pamoja na karatasi yake. Si kila upele unatoka kwa dawa. Yeye atapima, na kama inafaa atakupa ingine, maana ugonjwa wenyewe usiachwe bila kutunzwa.

Lakini ukiona midomo, ulimi ao macho yanavimba, pumzi inakuwa nguvu, kizunguzungu kinakushika, ngozi inatoa malengelenge ao kinywa kinatoka vidonda, usingoje asubuhi. Kimbia hospitali, hata kama ni usiku.

Na munganga akihakikisha kwamba ni dawa, jina lake liandikwe ndani ya kitabu cha hospitali cha mgonjwa, kwa herufi kubwa. Watu wote wa nyumba walijue. Vijana, ninyi mnaosoma, wasaidieni wazee kwa kazi hii. Maana siku moja baba anaweza kuletwa toka chimbo hana fahamu, na mwenye kutunza wagonjwa ameshika shindano la penisilini mkononi. Siku ile baba hataweza kusema. Je, wewe utajua kusema kwa ajili yake?