Jino la Utoto Si la Kuachwa Lioze

Kauli moja imewaumiza watoto wetu kwa miaka mingi: "Hayo ni meno ya utoto, yatang'oka tu." Utaisikia kwa wazazi, kwa bibi na babu, wakati mwingine hata kwa mhudumu wa afya, huku mtoto mwenyewe ameshika shavu. Kauli hiyo inapotosha, na tuache kuitumia kama kisingizio.

Kung'oka yatang'oka, lakini lini? Meno ya mbele huanza kubadilika mtoto akiwa na miaka 6 hivi. Magego ya utoto hukaa hadi miaka 10, mengine 12. Mtoto ambaye gego lake limetoboka akiwa na miaka 4 tunamwambia avumilie miaka 6 au zaidi ya kutafuna upande mmoja, kulia usiku na kusinzia darasani. Hakuna mtu mzima ambaye angekubali hukumu hiyo.

Na uozo nao hausubiri. Ganda gumu la jino la utoto ni jembamba kuliko la jino la ukubwani, hivyo tundu hufika upesi kwenye mshipa wa fahamu. Usaha ukijikusanya kwenye mzizi, unaweza kuliharibu jino la kudumu linalokua chini yake, likaja kuchomoza likiwa na madoa na mashimo.

"Basi ling'olewe, yaishe." Hayaishi. Gego la utoto humshikia mwenzake nafasi. Likitolewa mapema, la nyuma yake husogea mbele, na jino la kudumu likija hukosa pa kutokea: litachomoza pembeni au kukwama kwenye ufizi. Mpangilio mbaya wa meno mara nyingine ni wa kurithi, sikatai. Lakini huu tumeutengeneza kwa mikono yetu, na mzazi aliyeona kuziba jino ni gharama ndiye atakayekuja kuulizia bei ya kufunga waya.

Kauli hii pia huua meno yasiyo ya utoto. Kwenye miaka 6, gego la kwanza la kudumu huota nyuma kabisa ya magego ya utoto, bila jino lolote kung'oka. Mzazi hajui kama limeota. Likianza kuwa jeusi, atasema yaleyale: litang'oka tu. Hilo likitoka, halirudi.

Wapo watakaosema matibabu ni ya wenye fedha. Lakini njia ya kuziba meno kwa vifaa vya mkono, bila umeme wala mashine ya kuchonga, ilibuniwa hapahapa Tanzania katikati ya miaka ya 1980, na leo inatumika duniani kote. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani liliingiza dawa ya meno yenye floraidi na saruji ya kuzibia meno katika orodha yake ya dawa muhimu. Mtoto wa Tanzania kumalizia kwenye koleo la kung'olea, wakati njia hiyo imezaliwa kwao, ni aibu yetu.

Kwa hiyo, mzazi, anza jino la kwanza linapotokeza. Mswaki laini, dawa yenye floraidi kiasi cha punje ya mchele. Akifika miaka 3, kiasi cha punje ya njegere. Mpigishe wewe mwenyewe mswaki, hasa usiku, hadi afike miaka 7 au 8. Usimlaze na chupa ya maziwa au juisi mdomoni.

Na kliniki za watoto zibebe sehemu yao. Mtoto anapoletwa kwa chanjo ya surua, miezi 9 na tena miezi 18, hupimwa uzito na kuandikwa kwenye kadi. Muuguzi ainue pia mdomo wa juu wa mtoto, atazame meno, na amwelekeze mama mapema. Kazi hiyo haichukui hata dakika moja.